Kiangazi ndicho msimu wa kupigana na wadudu

Nilikuwa darasa la sita, miaka ya tisini, viwavijeshi walipoingia shambani kwetu Kilosa. Ilikuwa Januari, mahindi yamefika magotini na mama ameshamaliza palizi ya kwanza. Jumatatu asubuhi alikuta viwavi weusi wenye mistari wakipanda majani, akatutuma watoto tukawaokote kwa makopo. Tuliokota mpaka viganja vikawa vya kijani. Jumatano walikuwa wengi kuliko Jumatatu. Ijumaa shamba lilikuwa vijiti.

Dawa ya msaada ilifika Jumanne iliyofuata: chupa chache na bomba moja la mgongoni kwa kitongoji kizima. Wanaume walipokezana kupulizia hadi jua likazama. Walikuwa wakipulizia vijiti, kwa sababu viwavi wenyewe walishaingia ardhini kujigeuza pupa. Mama alipokea mgao wake kwa mikono miwili, akashukuru, kisha njiani akaniambia: "Dawa imefika, mwanangu. Mahindi ndiyo yameondoka."

Kauli ile sijaiacha mpaka leo, kwa sababu kila msimu wa mvua naisikia upya. Viwavi wamevamia kata fulani, kwelea kwelea wametua kwenye mtama, ndigana imemaliza ndama, kiongozi fulani ameahidi dawa. Tunaanza kuzungumza mdudu akiwa ameshakula. Ninachotaka kusema leo ni kimoja: vita ya wadudu wa mvua hupiganwa kiangazi. Fedha yake itoke kiangazi, mikutano yake ifanyike kiangazi, na jasho lake limwagike kabla wingu la kwanza halijatanda.

Maisha ya kiwavijeshi mwenyewe ndiyo ushahidi wangu wa kwanza. Nondo jike hutaga mayai kwa mamia baada ya mvua za mwanzo, wakati nyasi na mahindi ndiyo kwanza yanachipua. Viwavi wanaoanguliwa ni wadogo, wa kijani, wamejificha ndani ya majani, na mpita njia hawaoni. Siku za mwizi ni arobaini; za kiwavi huyu ni kama wiki mbili au tatu tu, na sehemu kubwa ya chakula chake chote hukila siku za mwishomwisho, akiwa ameshanenepa na kuwa mweusi. Kwa hiyo siku mkulima anapomwona ndiyo siku ambayo ameanza kula kwelikweli, na zimebaki siku chache kabla hajashuka ardhini. Ndani ya siku hizo chache tunataka taarifa itoke kitongojini imfikie mtendaji wa kijiji, ipande kata, ifike wilaya, dawa iombwe, gari lipate mafuta, na barabara ya tope ipitike. Hesabu hiyo haitoki, hata kama kila mtu katika safari hiyo ni mwaminifu na mchapakazi.

Lakini nondo wale hawatokei mbinguni bila dalili. Huletwa na upepo, na mvua za radi huwakusanya na kuwashusha mahali pamoja. Ukimtega dume kwa harufu ya jike, ukahesabu walionaswa kila asubuhi na kupima mvua iliyonyesha, unaweza kujua mapema kwamba viwavi wanakuja. Kilosa hiyohiyo, mwanzoni mwa miaka ya 2000, ilikuwa miongoni mwa maeneo ya kwanza nchini kujaribu utabiri unaofanywa na wanakijiji wenyewe. Kijiji kilipata mtego, kipimo cha mvua, daftari, na mtu wao aliyefundishwa kusoma dalili na kuzitangaza shuleni, msikitini na kanisani. Sijui silaha nafuu kuliko hiyo. Ila mtego hutundikwa kabla ya mvua. Anayeutundika Januari anahesabu nondo ambao watoto wao wameshakula.

Mfugaji naye ana Januari yake. Kupe wa masikio, yule wa rangi ya kahawia anayeeneza ndigana kali, akishakomaa hupanda juu ya ng'ombe kwa wingi wakati wa mvua. Vimelea vya ndigana havimwingii ng'ombe palepale kupe anapong'ata. Hukomaa kwanza kwenye mate ya kupe, kwa siku tatu au nne hivi akiwa ananyonya. Hizo siku ndizo nafasi ya mfugaji. Ng'ombe akiogeshwa kwa ratiba isiyoyumba, kupe hufa kabla hajamaliza kazi yake. Akiogeshwa siku mtu anapokumbuka, au pale ndama wa kwanza anapovimba tezi chini ya sikio, basi nafasi ilishapita.

Sasa tembelea majosho ya vijijini mwezi wa Agosti. Mimi nimeliona lililogeuzwa ghala la mkaa. Nimeona jingine ambalo tope la miaka halijazolewa na paa limechukuliwa na upepo, kiasi kwamba mvua ikinyesha maji huingia na kuizimua dawa. Watu huona kuogesha kwa dawa hafifu ni afadhali kuliko kutoogesha, lakini madhara yake ni ya muda mrefu. Dawa hafifu huua kupe dhaifu na kuwabakiza wagumu, na hao wagumu ndio wanaozaa. Miaka michache baadaye mfugaji ananunua dawa halali, anaichanganya sawasawa, na kupe wanabaki hai masikioni mwa ng'ombe wake. Kuziba nyufa, kuzoa tope, kuezeka, kupima nguvu ya dawa, kukubaliana ada na siku za kuogesha: katika kazi zote hizo hakuna hata moja inayongoja mvua.

Tena josho halina maana likiwa la watu watatu. Ng'ombe wetu hulisha pamoja, hunywa mto mmoja na hupita njia moja. Kupe aliyeshiba kwenye ng'ombe wa jirani asiyeogesha huanguka nyasini, hujibadili, kisha humpanda ng'ombe wako. Ndiyo maana suala hili haliwezi kuachwa kwenye hiari ya mtu na mfuko wake.

Ndigana hiyohiyo inatufundisha umoja kwa njia nyingine. Chanjo yake ilitengenezwa Muguga, karibu na Nairobi, miaka ya 1970, katika shirika la utafiti wa mifugo lililokuwa la Afrika Mashariki nzima. Ndani yake kuna vimelea hai vya aina tatu, na aina mojawapo inaitwa Serengeti. Ndama huchomwa vimelea hivyo pamoja na antibiotiki inayokaa mwilini siku kadhaa, ugonjwa unakuja ukiwa mnyonge, na mwili unajifunza kuukabili. Wafugaji wa Kimaasai wa kaskazini mwa Tanzania wameitumia kwa miaka mingi na kuona ndama wao wakikua. Lakini chanjo hiyo huhifadhiwa katika baridi kali ya nitrojeni, dozi zake hufungwa nyingi kwa pamoja, na zikishayeyushwa hutumika siku hiyohiyo. Mwenye ndama watatu hawezi kuinunua peke yake. Majirani kumi wanaweza, wakikubaliana mapema siku na zizi la kukutania. Mapatano ya namna hiyo hufanywa watu wakiwa na nafasi, na nafasi hiyo mkulima na mfugaji huipata kiangazi.

Rudi kwenye mahindi, lakini safari hii yakiwa yameshavunwa. Wazee wa Tabora wanakumbuka mwishoni mwa miaka ya 1970, mdudu mgeni alipoingia maghalani. Wataalamu walimwita dumuzi; wakulima walimpa jina la lori, Scania, na jina likaenea kuliko la wataalamu. Alitoka Amerika ya Kati, na alikuta desturi yetu ya kuhifadhi mahindi yakiwa bado kwenye magunzi, jambo analolipenda kuliko yote. Gunzi linamshikilia vizuri wakati anatoboa. Tulijifunza kwa hasara: kausha, pukuchua, pepeta, changanya na dawa ya vumbi iliyotengenezwa kwa sumu mbili kwa sababu inayomuua fukusi haimtoshi dumuzi, au funga kwenye mifuko isiyopitisha hewa ili mdudu akose pumzi. Fagia ghala na choma maganda ya mwaka jana kabla gunia jipya halijaingia. Kazi hii yote ni ya Juni hadi Agosti. Kaya inayoiruka huiona njaa Desemba, ikiwa na gunia lililojaa unga wa mdudu.

Kisha akaja mgeni mwingine. Kiwavijeshi vamizi aligunduliwa Afrika mwaka 2016, na mwaka uliofuata alikuwa ameshaingia Tanzania na Kenya. Kwa umbo anajulikana: kwenye paji la uso ana alama kama herufi Y iliyopinduliwa, na karibu na mkia ana madoa manne yaliyopangwa kama pembe nne za mraba. Tofauti yake na yule wa Kilosa ya utotoni mwangu ni kwamba huyu hapiti na msimu. Palipo na mahindi mabichi mwaka mzima, naye yupo mwaka mzima. Mahindi ya kumwagilia mabondeni, yale tunayoyachoma barabarani mwezi wa Septemba, ni daraja lake la kuvukia kutoka mvua hadi mvua.

Kwa hiyo kiangazi kimezidi kuwa na uzito. Ndipo mkulima anapoweza kung'oa mahindi yaliyojiotea na kulima mapema ili pupa waliojificha ardhini wafunuliwe, jua na kuku wamalize kazi. Ndipo majirani wanapoweza kukubaliana kupanda pamoja na mvua za kwanza, ili asiwepo mwenye shamba changa la kuwalisha nondo waliozaliwa kwenye mashamba makongwe. Mvua zikianza, ukaguzi uanze na majani ya kwanza: chukua mimea kumi hapa, kumi pale, funua katikati ya mhindi, ponda mayai yaliyofunikwa na utando kama ukungu, mwagia mchanga au majivu palipo na kiwavi mchanga. Akishazama ndani ya mhindi na kujiziba kwa kinyesi chake, sumu haimfikii kwa urahisi, na fedha yako huishia juu ya majani.

Wanasayansi wa icipe, kituo cha utafiti wa wadudu, huko Mbita kando ya Ziwa Victoria, wametuonyesha njia inayounganisha shamba na zizi. Kati ya mistari ya mahindi hupandwa desmodiamu, ambayo harufu yake humfukuza nondo. Kuzunguka shamba hupandwa matete au nyasi za brakiaria, zinazomvuta. Desmodiamu huzuia pia kiduha, gugu linalonyonya mizizi ya mahindi, na mimea yote hiyo miwili ni malisho ya ng'ombe. Mkulima anapata mahindi, maziwa na nafuu ya wadudu katika eneo lilelile. Lakini hakuna anayeamka siku ya mvua akapata mbegu za desmodiamu. Hutafutwa miezi kadhaa kabla.

Ndege nao wana somo lao. Kwelea kwelea mmoja hula takriban gramu 10 za nafaka kwa siku, na kundi la ndege milioni moja humaliza tani 10 kati ya asubuhi na jioni. Tunawapeleka watoto wakaamie ndege juu ya dungu, wanakosa shule wiki nzima, na bado ndege wanashinda. Mwenye mtama unaoiva peke yake, kabla au baada ya wenzake, analisha kundi zima. Mtama wa kijiji kizima ukiiva pamoja, hasara hugawanyika na ulinzi huwa wa wengi. Tarehe ya kupanda, basi, ni jambo la kujadiliwa kwenye mkutano, na mkutano huo hauwezi kuitishwa mbegu ikiwa tayari ardhini.

Kuna sababu nyingine ya kuchagua kiangazi, na kwangu ndiyo nzito kuliko zote: fedha. Mkulima wa mahindi huwa na shilingi mkononi Julai, Agosti na Septemba, akishauza sehemu ya mavuno. Ikifika Januari ameshalipa ada, ameshanunua mbegu na ameshaanza kupima unga kwa kikombe. Hapo ndipo kiwavi anapotokea. Basi anakwenda duka la pembejeo kukopa, anapewa chupa iliyopo dukani badala ya chupa inayofaa, yenye maelezo ya lugha asiyoisoma, anapima kwa kizibo na kupulizia saa sita mchana bila glavu. Chupa tupu huishia kubeba mafuta ya taa, wakati mwingine ya kupikia. Sumu inayonunuliwa kwa hofu hutumiwa kwa hofu. Yule aliyepanga Agosti aliuliza bei maduka mawili, alimwita bibi shamba, na huenda hata asihitaji sumu.

Nayo serikali ina bahati isiyoitumia ipasavyo. Mwaka wa fedha wa Tanzania huanza Julai 1. Katika mikoa ya kati mvua huanza kati ya Novemba na Desemba. Tunayo miezi minne au mitano ambayo bajeti ni mpya, barabara zimekauka na wananchi wana nafasi. Fedha ya majosho, mitego na chanjo ikiingia halmashauri katika robo ya kwanza, itakuta kazi inayoweza kufanyika. Ikiingia Februari, itanunua dawa ya kupulizia vijiti.

Najua wapo watakaosema kwamba mvua za siku hizi hazina kalenda, hivyo kupanga kiangazi ni kubahatisha. Nakubali kwamba mvua zimevurugika. Lakini josho zima hufaa mvua ikija Oktoba au Desemba, na mtego uliotundikwa mapema ndio unaokuambia kwamba mwaka huu mambo yamebadilika. Anayeumizwa na mvua ya ghafla ni yule aliyekuwa akiisubiri ndipo aanze.

Wengine watasema wadudu wakubwa ni kazi ya serikali na ndege zake, mwanakijiji afanye nini? Ni kweli, nzige na kwelea kwelea wanahitaji ndege na ushirikiano wa nchi. Hata huko, hata hivyo, wakati ndio unaoamua. Mwaka 2018 vimbunga viwili, Mekunu na Luban, vilimwaga mvua kwenye jangwa la Rub' al Khali, kusini mwa Bara Arabu, mahali ambapo karibu hakuna watu. Nzige walizaana huko kizazi baada ya kizazi bila kuzuiwa. Mwishoni mwa Desemba 2019 makundi yao yaliingia Kenya, na yakawa mabaya kuliko yote nchi hiyo iliyoyaona kwa miaka 70. Kati ya mvua ile ya jangwani na majani yaliyoliwa Kenya kulipita zaidi ya mwaka mmoja. Nzige alitupa muda. Hatukuwa na mtu pale alipokuwa akizaliwa wa kututangazia.

Neno hilo, kutangaza, wakulima wetu wa nyanya walishalifanya jina. Nondo mdogo mharibifu wa nyanya alipoingia kaskazini mwa Tanzania mwaka 2014 na kuacha mashamba yamekauka kama yaliyounguzwa, walimwita Kanitangaze. Ni jina la uchungu, la mtu aliyepata hasara na hana la kufanya isipokuwa kwenda kuisimulia. Naliheshimu jina hilo, na ningependa tuligeuzie upande wa pili. Mdudu atangazwe kabla hajala: idadi ya nondo iliyohesabiwa asubuhi ya leo, josho ambalo nguvu ya dawa yake imeshuka, mayai yaliyoonekana kwenye shamba la bondeni.

Kwa hiyo nina maombi matatu. La kwanza ni kwa halmashauri: fedha ya kinga ya mazao na mifugo ipewe kipaumbele katika robo ya kwanza ya mwaka wa fedha, na taarifa ya matumizi yake ibandikwe kijijini kabla ya mwisho wa Septemba. La pili ni kwa serikali za vijiji. Mkutano mkuu wa kijiji huitishwa kila baada ya miezi mitatu. Ule wa Julai hadi Septemba uwe wa wadudu. Hesabu za kamati ya josho zisomwe hadharani, mtunza mtego achaguliwe na apewe posho, na tarehe za kupanda na za kuogesha zikubaliwe. Kijiji kina mamlaka ya kutunga sheria ndogo, na kinaweza kumtoza faini anayeacha mabua na nyanya zilizooza shambani kama kinavyomtoza anayelisha ng'ombe kwenye shamba la mwenzake. La tatu ni kwetu tunaosoma magazeti ya wikiendi.

Wengi wetu tuko mjini. Tuna mzazi, mjomba au shangazi kijijini, na Januari ikifika simu huita: mahindi yameliwa, ng'ombe wawili wamekufa, tutumie chochote. Tunatuma, na tunafanya vyema. Mwaka huu naomba tuanze sisi kupiga simu, na tupige Agosti. Tuulize magunia mangapi yamepukuchuliwa, josho limezibwa au bado, ndama wangapi hawajachanjwa. Kisha tutume mwezi huohuo sehemu ya kile ambacho tungetuma Januari.

Mimi nilianza mwaka jana. Mama bado analima Kilosa, eneo dogo kuliko zamani. Nilipomtumia fedha katikati ya Agosti alinipigia simu papo hapo, sauti imejaa wasiwasi, akitaka kujua nani amefariki. Nikamwambia hakuna, mama, ni ya mifuko ya kuhifadhia na mchango wako wa mtego. Alinyamaza kidogo, kisha akasema: "Basi safari hii imetangulia."